Meno ya Dorsila

Boke aliponipigia simu kuniarifu kwamba mama yake amefariki, alimalizia kwa ombi ambalo kwake lilikuwa dogo: niichukue picha ya mwisho ya marehemu, iliyopigwa kwa simu jikoni, niisafishe kidogo ili iwekwe juu ya jeneza. Alisema familia haikuona mtu mwingine wa kuombwa, kwa kuwa watu wa Migori wa umri wetu wanajua ni mimi niliyeifufua kompyuta ya studio ya Mama Boke. Nilikataa. Nilimwambia kwamba macho yangu siku hizi hayana nguvu, jambo ambalo ni kweli lakini halikuwa sababu. Na baada ya simu kukatika nilikaa mezani nikijaribu kupima, kwa tabia yangu ya kupima kila kitu, kama huo ulikuwa uwongo mpya au mwendelezo tu wa ule wa mwaka 1999. Nimewahi kuzisimulia habari za mwaka huo mara nyingi, darasani na kwenye karamu, kama kisa cha kijana aliyepeleka programu za bure mahali ambapo hata kompyuta yenyewe ilikuwa kioja. Kila nilipozisimulia niliruka siku mbili. Safari hii sitaziruka.

Nilifika Migori mwezi wa pili nikiwa na sanduku la nguo, katoni ya vitabu na tasnifu ya uzamili iliyorudishwa. Tasnifu hiyo ilihusu magugumaji yaliyokuwa yameufunika uso wa ziwa letu, nami niliyapima kwa kutumia picha za setilaiti. Pale ambapo mawingu yalilificha ziwa, nilinakili vipande vya jirani nikavibandika juu ya mawingu, kisha nikapima kana kwamba nimeona. Sikuandika popote kwamba nilifanya hivyo. Mtahini mmoja, mtu mtulivu aliyezungumza kwa sauti ya chini, aligundua kwamba kisiwa kimoja kidogo cha magugu kilikuwa kimejirudia mara nne katika ghuba moja. Alikizungushia kalamu mara zote nne na kuandika pembeni, kwa mwandiko mdogo: Hapa uliona nini? Nilipewa hadi mwisho wa mwaka nijibu. Nyumbani niliwaambia watu kwamba chuo kimefungwa, na kwa kuwa vyuo vikuu miaka ile vilifungwa na kufunguliwa kama kioski, hakuna aliyeniuliza zaidi.

Studio ya Mama Boke ilikuwa nyuma ya soko, vyumba vitatu vilivyopangana kimoja nyuma ya kingine. Cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa bustani upande mmoja na ngazi za ndege upande wa pili. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, chenye harufu ya siki iliyotoka kwenye dawa za kuoshea filamu na kuingia hadi katika chai. Na cha katikati, kilichotengwa kwa mbao nyembamba, ndicho alichofanyia kazi aliyoipenda, ya kuziba madoa ya picha kwa mkono. Alikuwa na brashi yenye nywele chache kuliko kope za mtoto. Aliilamba ncha, akaigusisha kwenye wino, na kila chembe nyeupe ya vumbi ikatoweka usoni mwa mtu bila mtu huyo kubadilika. Saa saba tulizisogeza picha tukala papo hapo, mara nyingi nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, au omena, dagaa wa ziwani, na ugali. Kupitia mbao tuliwasikia wateja wakijitayarisha mbele ya kioo. Nakumbuka bwana mmoja akimwambia mkewe aishike redio kwa mkono wa kulia ili wakwe waione vizuri. Mke akamwuliza kama wakwe wataisikia pia. Mama Boke alicheka hadi akaweka kijiko chini. Yeye alikuwa Mkuria, lakini alikuwa ameishi miongoni mwetu Wajaluo miaka thelathini, na Kijaluo chake kilikuwa na methali nyingi kuliko changu. Katika studio alipendelea Kiswahili, kwa sababu pale Migori huwezi kujua anayeingia ametoka upande gani. Mimi aliniita Profesa, na hakuna aliyeniita hivyo kwa mzaha wenye upole zaidi.

Kompyuta aliinunua kuukuu kutoka kwa mradi mmoja wa misaada uliofunga ofisi. Aliyemwuzia alikuwa ameweka ndani yake programu mashuhuri ya kutengenezea picha, ile ya kampuni, katika nakala ya wizi; na baada ya miezi michache programu hiyo ilianza kudai namba ambayo hakuna aliyekuwa nayo, kisha ikagoma kabisa. Mashine ikageuka meza ya kuwekea thermosi. Nami katika katoni yangu ya vitabu nilikuwa na diski niliyoinakili kihalali katika maabara ya chuo, yenye mfumo endeshi wa Linux na programu iitwayo Gimp, ambayo iliweza kufanya karibu yote yaliyofanywa na ile ya kampuni na ambayo kila mtu aliruhusiwa kuitumia, kuinakili na hata kuifungua aone ilivyoundwa. Ilinichukua siku tatu kuiweka. Siku ya nne skana iliyokuja na kompyuta ilinguruma, na picha ya harusi ikaonekana kwenye kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari, kama mkeka unaokunjuliwa. Mama Boke aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Na hao waliokupa bure," aliuliza, "wanataka nini kwako?"

Nilimjibu kwa urefu, kwa maana sijawahi kujibu kitu kwa ufupi. Nilieleza kwamba watu hao wametawanyika duniani, wengi wao hawajawahi kuonana. Kwamba kazi yao yote iko wazi. Kwamba anayegundua kosa huwatangazia wote, na aliyelisababisha hulirekebisha na kuandika jina lake katika orodha inayoweza kusomwa na yeyote. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wasimamizi wangu hawakuwahi kulifanya.

"Kwa hivyo mtu akikosea anaandika jina lake?"

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi hiyo si kompyuta, Profesa. Hilo ni kanisa."

Wiki iliyofuata nilitaka kumwonyesha uwezo wa chombo kimoja katika programu hiyo, chenye alama ya muhuri, ambacho huchukua kipande cha picha mahali pamoja na kukibandika pengine. Niliichukua picha ya mama yake iliyokuwa imetundikwa karibu na mlango, mwanamke wa Kikuria mwenye ndewe zilizotobolewa na kunyooshwa hadi zikakaribia mabega, nikaitia kwenye skana nikaondoa vumbi lote. Kisha, kwa kujifurahisha, nikamwambia kwamba ningeweza hata kuyafupisha yale masikio yakafanana na ya watu wa siku hizi. Aliweka kikombe chini.

"Hayo usiyaguse," alisema. "Vumbi ni la picha. Masikio ni ya mama."

Niliandika maneno hayo katika daftari langu. Ninalo hadi leo, na tarehe iko pale, kwa hiyo siwezi kudai kwamba sikuwa nimeambiwa.

Mwezi wa nane, siku ya Alhamisi asubuhi, alikuja Mwalimu Risper kutoka Lambwe, upande wa Homa Bay. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano, mwalimu wa shule ya msingi, na mama yake, Dorsila, alikuwa amefariki na angezikwa Jumamosi. Alileta fremu iliyofungwa ndani ya leso. Ndani yake ilikuwamo picha pekee ya mama yake iliyowahi kupigwa, nayo ilipigwa na Mama Boke mwenyewe, miaka kumi na miwili kabla, alipokwenda Lambwe kupiga picha za harambee ya kanisa. Marehemu alikuwa mtu wa kukwepa kamera. Siku hiyo alinaswa akicheka, kwa sababu mbuzi aliyekuwa akinadiwa alikuwa ameanza kuila kofia ya mnadi. Mvua kubwa za mwaka mmoja nyuma zilikuwa zimevuja katika paa la studio na kuiharibu filamu, na mvua hizohizo, kule Lambwe, ziliigandisha picha kwenye kioo cha fremu. Ukungu ulikuwa umeota kuanzia kidevuni, ukapita mdomoni, ukafika shavuni. Katika picha Dorsila alicheka kwa mdomo wote, na kwenye taya la chini, pale ambapo ukungu haukufika, lilionekana pengo. Dorsila alikuwa wa rika lililong'olewa meno sita ya chini, kama Wajaluo wa zamani walivyofanya; desturi hiyo iliitwa nak, na aliyeipitia ndiye aliyehesabiwa kuwa mtu mzima na mtu wa kwetu.

Mama Boke alimwahidi Risper kwamba picha itakuwa tayari Ijumaa saa sita. Mchana huo yeye alipaswa kwenda kwao, ambako posa ya binti wa ndugu yake ilikuwa ikizungumzwa, na kabla ya kuondoka alinipa maagizo. Kesho asubuhi, alisema, angeipiga picha hiyo upya kwa kamera, kupitia kioo, kwa mwanga wa pembeni. Kama sikuwa na subira, ningeweza kuiweka kwenye skana hivyohivyo ilivyo. Lakini kwa hali yoyote nisiitenganishe na kioo.

Hizi ndizo siku mbili ninazoziruka. Niliiweka kwenye skana kupitia kioo, na ilitoka vizuri, ikiwa na mng'aro hafifu tu upande wa juu. Hiyo ingetosha. Lakini niliona kwamba kioo kilikuwa kimepunguza makali ya picha, nami nilitaka makali. Nililowesha kingo, nikapitisha kisu kati ya karatasi na kioo, nikavuta. Karatasi ilitoka nyeupe. Uso wa Dorsila ulibaki kwenye kioo, vipande vipande, kama ganda la yai, na nilipojaribu kuvirudisha vikawa unga kwenye vidole vyangu. Nilivifuta vidole kwenye suruali. Kisha nikajiambia kwamba uso wake umo ndani ya kompyuta, kwa hiyo hakuna kilichopotea, na nikaanza kazi.

Shavu lilisafishika. Kidevu kilisafishika. Nilipofika mdomoni, nusu ya pengo ilikuwa chini ya ukungu na nusu ilikuwa wazi. Kwa miaka mingi nimejitetea kwa hoja kwamba jicho halingeweza kutenganisha pengo na uharibifu, na kama hoja hiyo ina ubora wowote ni kwamba imeundwa kwa uangalifu mkubwa. Ukweli ni kwamba nilijua. Bibi yangu alikuwa na pengo hilohilo. Katika bweni la Nairobi niliwahi kuiweka picha yake mezani, na mwenzangu wa chumbani akaniuliza ni nani aliyempiga yule mama. Nikaitia picha ndani ya kitabu na haikutoka humo tena. Tena nilikuwa na mpango, ambao sikumwambia mtu, wa kutuma picha mbili, ya kabla na ya baada, kwa wale waundaji wa programu, ili waone kinachofanywa kwa kazi yao katika mji wasioujua. Niliona mapema macho yao yakitua kwenye pengo jeusi na kudhani kwamba kazi haikumalizika. Nikachukua meno ya juu ya Dorsila mwenyewe, nikayapindua, nikayapunguza ukubwa, nikayabandika chini kwa ule muhuri. Niliyahesabu. Yalikuwa sita. Kisha, kwa kuwa nafasi kwenye diski ya kompyuta ilikuwa ndogo, niliunganisha matabaka yote, la picha ya asili na ya marekebisho yangu, kuwa moja na kuhifadhi picha juu ya ile ya kwanza, kwa jina lilelile. Programu ilikumbuka hatua chache tu za nyuma, nami nilikuwa nimepiga mamia.

Ijumaa asubuhi Mama Boke aliikuta imechapishwa. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama picha yoyote. Aliomba aione fremu. Nikamwonyesha kioo na karatasi nyeupe. Aliuliza kama ndani ya kompyuta alikuwamo Dorsila mwingine, nikasema hayumo. Aliketi.

"Umempa meno Dorsila," alisema.

Hakuwa na wakati wa kusema zaidi, kwa maana Risper alifika kabla ya saa sita, akiwa na mjomba wake, mzee mwembamba aliyekuwa mdogo wake marehemu. Mzee ndiye aliyeipokea picha. Aliuliza kwa Kijaluo bibi harusi huyu ni wa nani. Risper alimwambia ni mama. Mzee akaisogeza picha mbali na macho, akaisogeza karibu tena, kisha akaiweka mezani, na alipozungumza alizungumza Kiswahili, ili sote tusikie.

"Siku wanamng'oa, mimi nilikuwa mdogo, nilisimama mlangoni," alisema. "Hakulia. Wasichana wengine walilia. Na zamani, mtu akifa na meno yake yote, aling'olewa kabla ya kuzikwa, asiende kwa wazee kama mgeni. Sasa huyu wangu nani amemrudisha utotoni?"

Nilijua kwamba sentensi inayotakiwa ilikuwa na maneno mawili. Mama Boke alisimama. Alisema Kiswahili kibovu ambacho sikuwahi kumsikia nacho, Kiswahili cha mtu wa kuja.

"Mzee, ni mimi. Mimi ni Mkuria, mambo ya meno yenu siyajui. Nilidhani ni ugonjwa ya picha. Mkono yangu imekosea."

Kisha alimtazama Risper, akanitazama mimi, akabaki akinitazama. Nilikuwa nikiukagua waya wa printa. Niliuchomoa, nikauchomeka tena. Mzee alisema kwamba miaka thelathini ni mingi kuishi na watu bila kuwatazama midomoni, na Mama Boke akainamisha kichwa kama mtoto anayekaripiwa. Hapakuwa na picha nyingine, na jeneza lilikuwa linangoja. Risper aliifunga ile ndani ya leso. Alipofika mlangoni aligeuka akasema asante, kwetu sote wawili, na wakaenda.

Mama Boke hakunikaripia. Siku iliyofuata, saa ambayo Dorsila alikuwa akizikwa, aliandaa omena na ugali kama kawaida, akanisogezea sahani, tukala. Nilichotambua ni kwamba watu wa upande wa Lambwe hawakuja tena kuoshewa filamu zao, na kwamba alianza kunifundisha kutumia ile brashi ndogo, akinikalisha saa nzima juu ya doa moja. Mara moja tu, mwezi wa kumi na moja, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake, alisema, "Profesa, Lambwe si mbali." Nilijibu kwamba mvua zimeharibu barabara. Alisema ni kweli, mvua zimeharibu barabara, na akailamba ncha ya brashi.

Niliondoka Migori mwezi wa kumi na mbili. Katika tasnifu niliongeza sura fupi kuhusu mawingu: kila moja lilipokuwa, ukubwa wake, na kauli kwamba chini yake sikuona kitu. Nilipita. Mtahini yule mtulivu aliusifu uaminifu wangu mbele ya jopo zima, na kwa msingi wa sifa hiyo nikapata kazi, na kwa miaka ishirini na zaidi nimewafundisha wanafunzi kutia saini makosa yao. Huwa naeleza habari za programu huria kwa moyo wote. Wanaponiuliza nilijifunzia wapi, huwaambia Migori.

Tulimzika Mama Boke Jumamosi iliyopita, nje kidogo ya mji. Risper alikuwapo. Amestaafu, anatembea kwa bakora, lakini nilimjua kwa jinsi alivyosimama, kama mtu anayesubiri darasa linyamaze. Nilikuwa nimejitayarishia maelezo marefu, yenye utangulizi. Nilipomfikia yaliniishia.

"Mwalimu, ile picha ya mama niliitengeneza mimi," nilisema. "Hakuwa Mama Boke."

"Najua."

Nilimwuliza amejua tangu lini.

"Tangu siku ile. Mama Boke ndiye aliyempiga picha akicheka. Angekosaje kulijua lile pengo? Na Kiswahili kile, mimi mwalimu, nisikisikie?" Alihamisha bakora mkono mwingine. "Alikuwa anakutazama useme. Nami nilisimama pale mlangoni nikingoja useme. Hata mjomba njiani aliniambia, yule kijana atakuja. Alikufa akisema utakuja."

Nilimwambia kwamba siku hizi kuna programu bora zaidi, nazo ni za bure vilevile. Kwamba akinieleza lile pengo lilivyokuwa, ningeweza kumrudishia mama yake kama alivyokuwa. Nilikuwa nimeanza kueleza namna nitakavyofanya aliponikatiza.

"Wajukuu wanamjua na meno. Kuna mmoja ana meno makubwa ya mbele, anajivuna ni ya bibi, dana yake. Ukiyang'oa leo utamwambia nini?"

Niliishusha mikono, ambayo ilikuwa bado ikichora meno hewani.

"Miaka hii yote mimi ndiye ninayewaambia kwamba dana hakuwa hivyo, hawanisadiki. Wanasema picha haidanganyi." Alinitazama usoni. "Uje uwaambie wewe. Uwaambie ni nani, na kwa nini."

Nilisema nitakuja. Nilitoa shajara yangu mfukoni nitafute siku, nikaanza kupekua kurasa, wiki hii, wiki ile, mitihani, kikao cha idara. Aliniacha nipekue. Kisha akasema kwamba gari lao linarudi Lambwe saa nane, na kuna kiti kimoja kitupu. Ilikuwa saa saba na nusu.